Kumngoja Mitsouko

Ukifungua chupa ya zamani ya Mitsouko, manukato ya Kifaransa, ukapaka na kunusa papo hapo, huenda ukaikataa. Dakika tano za kwanza mara nyingi hunuka vanishi ya mbao, au maganda ya limau yaliyosahaulika juani, au seleri iliyochemshwa. Wengi huishia hapo, wakasema imeoza, wakaiuza kwa hasara. Sisi tuliozoea chupa hizi tumejifunza kutotoa hukumu kabla ya dakika ishirini. Kilichoharibika ni tabaka la juu tu, yaani mafuta ya bergamoti, yale yanayokamuliwa kwenye ganda la tunda chachu la Calabria, Italia, na kuipa chai ya Earl Grey harufu yake. Mafuta ya maganda ya jamii ya machungwa yana limonini nyingi, na limonini ikikaa na hewa miaka mingi hugeuka kitu kinachokwaruza pua. Chini yake manukato yenyewe huwa bado mazima.

Mitsouko ilitolewa Paris mwaka 1919. Aliyeitunga ni Jacques Guerlain, wa nyumba ya manukato iliyoanzishwa na babu yake mwaka 1828. Miaka miwili kabla, François Coty, mzaliwa wa Corsica, alikuwa ametoa Chypre, jina la Kifaransa la kisiwa cha Saiprasi, na manukato hayo yakazaa ukoo mzima unaoitwa hivyo hadi leo: bergamoti juu, ladanumu na likeni ya mwaloni chini. Ladanumu ni utomvu unaonata wa kichaka cha pwani ya Mediterania. Likeni ya mwaloni ni zile ndevu za kijivu-kijani zinazoota kwenye magome ya mialoni. Hukusanywa, hukaushwa, kisha kiini chake hutolewa kwa kuyeyushwa. Ukikinusa peke yake utapata udongo uliolowa, wino, ngozi iliyotunzwa gizani, na kachumvi ka ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Ni kichungu, na hakibembelezi mtu.

Guerlain aliichukua mifupa hiyo akaivisha pichi. Hakuna pichi halisi humo. Harufu inatoka kwenye kemikali iitwayo gamma-undekalaktoni, ambayo madukani bado huuzwa kwa jina la aldehidi C-14 ingawa si aldehidi hata kidogo, ni laktoni, kundi jingine la kemikali. Uongo huo wa biashara umeshazeeka, hakuna anayejisumbua kuurekebisha. Ukinusa laktoni hiyo ikiwa peke yake, ni pichi ya kopo iliyomiminiwa maziwa, na ukiitia kwenye manukato ya kawaida itafanya kila kitu kiwe peremende. Humu imelazwa juu ya likeni, na likeni haiiachii. Utamu unataka kutoka, uchungu unaushika mkono. Katikati yake wapo asmini na waridi, na viungo vilivyo karibu na mdalasini na karafuu, na langilangi kwa mbali. Hapo msomaji wa Pwani ana ndugu yake: Komoro na Nosy Be huko Bukini (Madagaska) vimepeleka Ufaransa mafuta ya langilangi tangu enzi za ukoloni, na miti yenyewe unaikuta Unguja na Pemba, maua yake ya manjano yakining'inia kama vidole vilivyolegea.

Ndiyo sababu watu hushindwa kuizungumzia bila kusema "yeye". Tabia anayopewa haikutoka kwenye tangazo, imetoka kwenye mvutano huo wa pichi na likeni. Ni mwanamke wa makamo, sauti ya chini, hana papara. Ukimsalimu anajibu vizuri, lakini hakuongezi neno. Akikukaribisha chai utakunywa vikombe viwili, na ukitoka utagundua kwamba yeye ndiye aliyeuliza maswali yote. Mlinganishe na Shalimar ya mwaka 1925, ya mtungaji yuleyule: ile ina vanila na huingia sebuleni kabla ya mwenyewe. L'Heure Bleue ya 1912, inayouzwa katika chupa ya umbo lilelile, hukaa dirishani jioni na kuhuzunika kwa raha. Mitsouko hafanyi lolote kati ya hayo. Anayemtaka kwa ajili ya kusifiwa njiani atapoteza fedha. Sifa za njiani ni chache, na zikija huja baada ya muda wa saa tatu, kutoka kwa mtu aliyekaa karibu.

Jina nalo limezungushiwa hadithi. Limetoka kwa mhusika wa kike katika La Bataille, riwaya ya Claude Farrère ya mwaka 1909 inayohusu vita vya Japani na Urusi. Wauzaji hupenda kusema Mitsouko ni Kijapani na maana yake ni siri au fumbo. Si kweli. Mitsuko ni jina la kawaida la mtoto wa kike, na maana inategemea herufi alizoandikiwa. Mojawapo inayotumika sana ni "mtoto wa nuru". Tahajia yenye "ou" ni ya Kifaransa tu.

Sasa, Mitsouko ipi? Swali hili ndilo linalomgharimu mnunuzi, kwa sababu jina ni moja na mchanganyiko umebadilika mara kadhaa. Kiini cha likeni ya mwaloni kina vitu viwili, atranoli na kloroatranoli, vinavyowasha ngozi za baadhi ya watu. Kwanza chama cha kimataifa cha viwanda vya harufu, IFRA, kiliweka kikomo cha asilimia 0.1 ya likeni katika bidhaa inayopakwa mwilini. Kisha Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku atranoli na kloroatranoli zenyewe: kuanzia Agosti 2019 hakuna bidhaa mpya iliyoruhusiwa kuingia sokoni ikiwa nazo, na kufikia Agosti 2021 zilizobaki ziondolewe madukani. Likeni iliyosafishwa bado inaruhusiwa, lakini imepoteza sehemu ya uchungu wake, na mtungaji analazimika kuziba pengo kwa vitu vingine. Toleo la Eau de Parfum la miaka ya karibuni ni kazi ya heshima, tunalivaa bila kinyongo. Ila pichi humo husogea mbele kidogo, kwa kuwa aliyekuwa akiishika mkono amedhoofika. Mwanamke yuleyule, akiwa amezoea kupigwa picha.

Umri wa chupa husomwa zaidi kwenye boksi kuliko kwenye kioo. Ukiona orodha ndefu ya majina kama limonene, linalool, coumarin na evernia prunastri (ndiyo likeni ya mwaloni), hiyo ni ya 2005 au baadaye, maana ndipo Ulaya ilipolazimisha vitu 26 vinavyoweza kuleta mzio viandikwe. Msimbo pau ulianza kuenea Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1970. Boksi lenye msimbo huo si la miaka ya 1950, hata muuzaji aape. Anwani ya Paris ikiwa na tarakimu tano za posta, boksi si la kabla ya 1972. Neno Parfum de Toilette kwenye lebo ni alama ya miaka ya 1980, na kwa maoni yetu hilo ndilo toleo la kumshauri mtu anayeanza: likeni imejaa, bei haijafika ile ya Extrait (toleo lililokolea kuliko yote), na zipo nyingi za kupuliza, ambazo hazikuwa zikifunguliwa hewani kila zinapotumika. Eau de Cologne ya zamani ni rahisi na inapatikana, lakini kiini chake ni kichache na bergamoti yake ni nyingi, kwa hiyo hiyo ndiyo huharibika mapema zaidi. Bei ndogo hapo ina sababu.

Rangi isikutishe. Mitsouko nzima ya miaka ya 1970 huwa kati ya asali na chai ya rangi, na Extrait ya zamani zaidi hufika hudhurungi. Asmini na likeni zote hufanya giza kadiri miaka inavyokwenda. Kinachotisha ni ukungu: ukiinua chupa kwenye mwanga na kuona maziwa ndani yake, au vijinyuzi vinavyoelea, acha. Angalia pia kimo. Chupa "isiyofunguliwa" iliyopungua robo si lazima uwe udanganyifu, kwani kizibo cha kioo hakizuii mvuke kwa asilimia mia. Ila kilichoondoka kwanza ni pombe, na kilichobaki kimekolea kuliko alivyokusudia mtungaji. Chupa iliyojaa hadi shingoni, ya miaka 60, bila uzi wala utando, nayo ina maswali yake. Chupa tupu za zamani zina soko, na zipo zinazojazwa toleo jipya au kitu kingine kabisa.

Uzi na utando ni hivi. Guerlain huziba chupa za Extrait kwa kufunika kizibo na utando mwembamba sana, kisha kuuzungushia uzi wa hariri na kuufunga kwa mkono. Wanawake wanaoifanya kazi hiyo huitwa dames de table. Uzi wa kweli umekaza, mizunguko imelala sambamba, na ncha zake zimechambuliwa zikawa kama manyoya. Uzi uliorudishwa na muuzaji huonekana tu: fundo limelala upande, utando una mikunjo mipya au haupo, na mara nyingine ni uzi wa cherehani.

Kizibo kilichoganda ndicho kinachovunja chupa nyingi kuliko kuanguka. Chupa ya Mitsouko ina kizibo cha kioo chenye umbo la moyo uliotobolewa katikati, na tundu hilo humshawishi mtu apitishe kitu na kupinda. Usifanye hivyo, moyo utakatika na shina litabaki shingoni. Kata uzi na utando kwa wembe, taratibu, bila kukwangua lebo. Futa sukari-sukari iliyoganda pembeni mwa kizibo kwa pamba yenye pombe ya asilimia 90 au zaidi. Dondoshea tone moja la pombe hiyohiyo kwenye mstari ambapo kizibo kinakutana na shingo, uache robo saa, kisha ongeza tone la pili. Halafu chovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, yale unayoweza kumuogeshea mtoto, ukamue, uzungushie shingo peke yake kwa nusu dakika. Shingo inapata joto na kutanuka kabla kizibo hakijapata, na hiyo ndiyo nafasi unayoitafuta. Gonga kizibo kidogo kwa mpini wa mwiko, upande huu na upande ule, kama unayebisha hodi kwa mgonjwa. Jaribu kuzungusha kwa vidole tu. Kisipozunguka, rudia kesho. Zipo chupa zilizochukua siku nne. Maji ya moto hapana, koleo hapana, na usilaze chupa ubavu wakati wa kazi, kwa sababu kizibo kikilegea ghafla mililita tano zitaishia mezani.

Kikitoka, tazama chini ya shina na kwenye shingo. Kwenye chupa zilizotengenezwa na Baccarat, kiwanda cha vioo cha Ufaransa, mara nyingi utakuta namba ileile imechorwa kwenye kizibo na kwenye chupa, kwa kuwa kila kizibo kilisagwa kikae kwenye shingo yake. Namba zikitofautiana, kizibo ni cha kuazima na manukato yamekuwa yakivuja hewani kwa muda usiojulikana.

Kuijaribu kunataka karatasi nene isiyo na harufu, uikate vipande vya upana wa sentimita moja. Chovya ncha, andika saa, weka mbali na jiko. Nusa mara moja kisha uiache. Kwenye dakika ya 20 vanishi iwe imeondoka na maua yaanze kuonekana, yakiwa yamekaushwa kidogo. Kwenye saa ya kwanza pichi inatokea, na hapa ndipo wageni husema "aa, kumbe". Si pichi iliyomenywa. Ni ganda lake, lile lenye vinyweleo, ukilipitisha mdomoni kabla ya kuuma. Mvumilivu hula mbivu, na safari hii mbivu yenyewe ni pichi. Saa ya nne maua yamezama na likeni imepanda: kavu, yenye kivuli, na utamu wa mbali kama mtu aliyepita chumbani muda mfupi uliopita. Kesho yake asubuhi karatasi inatakiwa bado iseme kitu. Kama saa ya nne inanuka siki, au mafuta ya kukaangia yaliyokaa, ndani yake kumekufa na hakuna dawa. Usiongeze pombe wala tone la bergamoti mpya "kufufua". Tunaona watu wakifanya hivyo, na matokeo ni limau juu ya kaburi.

Kwenye mwili, jihadhari na jua. Mafuta ya bergamoti ya zamani yalikuwa na bergapteni, ambayo ikiwa kwenye ngozi na kupigwa na mwanga mkali huunguza na kuacha michirizi myeusi ifuatayo njia ya matone, kutoka shingoni kwenda kifuani. Michirizi hiyo huchukua miezi kufifia. Mafuta ya siku hizi hutumika yakiwa yameondolewa kitu hicho, lakini chupa ya 1965 haijui habari hizo. Kwa hiyo mchana wa Dar es Salaam au Mombasa usipake palipo wazi. Paka kifuani chini ya nguo, au mgongoni kati ya mabega, au uisubirishe hadi jua lizame. Ngozi inayowashwa kirahisi ijaribiwe kwanza: tone moja upande wa ndani wa kiwiko, saa 24, pasiwe na wekundu.

Extrait haipulizwi wala haimiminwi. Chovya kijiti cha kioo, gusa mahali pawili, basi. Kwenye joto la Pwani hata hapo pawili ni pengi. Hewa ya moto huimaliza bergamoti kwa dakika chache na kuisukuma likeni mbele mapema, na kinachotoka ni nusu ya mazungumzo. Mitsouko hupendeza hewa ikipoa: asubuhi ya masika, Arusha au Nairobi mwezi wa Julai, ukumbi wenye kiyoyozi. Usimpeleke harusini ambako buibui zimefukizwa udi na shingo zimejaa asmini. Atanyamaza kabisa, na hilo si kosa lake. Ukitaka kumchanganya na vya nyumbani, marashi ya waridi mepesi kwenye mtandio yanamfaa. Udi unamzima, maana udi na ladanumu hugombea kiti kimoja. Na nguo nyeupe usiiguse: likeni huacha doa la kijani-hudhurungi lisilotoka kwenye hariri wala kwenye kanzu.

Adui wa kila siku ni joto, mwanga na hewa, na Pwani inavyo vyote vitatu. Osmothèque, hifadhi ya manukato iliyoanzishwa Versailles mwaka 1990, huweka mikusanyo yake gizani kwenye nyuzi 12 za selsiasi, na juu ya kimiminika hujaza gesi ya argoni ili oksijeni isiguse. Nyumbani, droo ya mboga kwenye friji inakaribia hapo, ikiwa chupa imefungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa; bila mfuko, lebo italowa na kubanduka, na siagi itanuka manukato. Asiye na friji ya kutosha aweke ndani ya boksi lake, chini ya kabati, ukuta usiopigwa na jua la alasiri. Meza ya kioo ya chumbani, palipo na dirisha, inapendeza kwenye picha na inaua chupa. Bafuni ni pabaya zaidi.

Chupa ikifika nusu, hamisha. Nusu ya juu ni hewa, na hewa hiyo hufanya kazi usiku na mchana. Nunua vichupa vya kioo cha kahawia vya mililita 2 na 5, visuuze kwa pombe, vikauke kabisa. Tumia bomba la sindano jipya, haraka, maana mpira wake ukikaa ndani ya manukato huachia harufu. Jaza hadi shingoni, funga, andika tarehe. Vichupa vya plastiki tumeviacha zamani. Baada ya miezi kadhaa pichi hunuka ndoo. Unatumia kichupa kimoja hadi kiishe, vingine havifunguliwi.

Matone ya mwisho yasiyovutika na sindano yaache. Ondoa kizibo, ifunge chupa kwa kipande cha kanga cha rangi nzito, ilaze kwenye sanduku la nguo, mbali na nyeupe. Bergamoti haimo tena na maua hayamo. Kinachobaki kwenye kioo ni likeni na ladanumu, na vitambaa vitaishika kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.